Kwa mpwa wangu mpiga tarumbeta

Mpwa wangu,

Tangu Idi sijatulia. Ulijaribu kuifuata fidla ya mzee wetu, sauti moja ikakukatalia, mara juu mno, mara chini mno. Ukarudisha tarumbeta mkobani ukasema chombo hiki hakikuumbiwa taarab. Sikutaka kukujibu mbele za watu. Leo nakujibu, tena hadharani, maana wenzako wa bendi za harusini nao nimewasikia wakisema hivyo hivyo.

Sikio lako halikukosea. Tarumbeta ya kawaida ina pistoni tatu, vile vibonyezo vya vidole: ya pili hushusha sauti nusu toni, ya kwanza toni nzima, ya tatu toni moja na nusu. Hatua ndogo kabisa ni nusu toni, na rast na bayati, zile maqamu za Kiarabu tunazozipiga kwenye taarab, zinadai robo toni. Nassim Maalouf, Mlebanoni aliyekwenda Paris kusoma kwa Maurice André, bingwa wa tarumbeta wa Kifaransa, lilimkera jambo hilo hilo. Akaongeza pistoni ya nne, ya kushusha robo toni. Basi! Pistoni moja tu.

Mwanawe Ibrahim alizaliwa Beirut mwaka 1980, vita vikiendelea. Familia ikakimbilia Ufaransa, akakulia Étampes, kusini ya Paris, na tangu ana miaka saba baba ndiye mwalimu wake. Alisoma muziki wa kizungu hadi juu kabisa, kisha akaingia kwenye jazi na tarumbeta ile ile ya babake. Albamu ya kwanza, Diasporas, ilitoka 2007. Lakini ninayotaka uisikilize wewe ni Kalthoum ya 2015. Humo ameuchukua Alf Leila wa Leila, utunzi wa Baligh Hamdi alioimba Umm Kulthum wa Misri mwaka 1969, ule anaoupenda bibi yako, akaurekodi New York na wanajazi. Wao wanakwenda kwa mwendo wao, yeye juu yao analia kwa robo toni kama msomaji wa kaswida. Machozi yalinitoka. Mwaka uliofuata, Desemba, mtu huyu aliujaza ukumbi wa Bercy mjini Paris.

Pistoni ya nne huna, na mimi fedha ya kukununulia sina. Ila robo hupatikana pia kwa kulegeza midomo, na kwa kukivuta nje kidogo kile kibomba cha pistoni ya tatu, ukilisikiliza sikio lako. Ijumaa baada ya alasiri mzee atakuja na fidla yake. Nimemwambia utakuwepo.

Mjomba wako