Mjomba, ile dhahabu nimeiona

Mjomba, shikamoo.

Nimerudi salama na korosho zako zilifika. Nakuandikia hapa hadharani kwa sababu nikikupigia simu utaanza na bei ya nauli, na hatutafika kwenye jambo lenyewe. Halafu wapo wengi waliopanda mashua yako kwenda Kilwa Kisiwani wakarudi makwao na hadithi nusu. Unawasimulia Vasco da Gama alivyokuja na merikebu zake mwaka 1502, akamtisha Amir Ibrahim kwamba atauchoma mji asipolipa, akalipwa dhahabu, akaondoka. Hapo unapunga mkono kuelekea baharini, basi. Nami tangu utotoni nilijua habari inaishia kwenye mkono huo.

Shoga yangu niliyesoma naye Lindi ana miaka saba sasa Lisbon, Ureno, na mumewe, Mmsumbiji wa kisiwa cha Ibo. Lisbon ya kwenye picha hawakai. Kodi imewashinda, kama ilivyowashinda wenyeji wengi tangu nyumba za mitaa ya kale zigeuzwe malazi ya watalii. Wako ng'ambo ya mto Tejo, upande wa Almada, vyumba viwili, ghorofa ya nne, ngazi tupu. Alfajiri shoga anavuka na kivuko cha Cacilhas, dakika kama kumi, watu wamesinzia na mabegi kifuani. Ungesema Kigamboni, ila hakuna wa kukuuzia karanga. Anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kwa ajili yangu aliomba likizo, akapewa siku nne. Zilizobaki nilikuwa na mumewe, ambaye kazi yake ni ya usiku, kwa hiyo asubuhi tulinong'ona kama wezi.

Wala usidhani nilikaa kama mwali. Siku ya pili tu nilikuwa dirishani naanika nguo kwenye kamba yao inayozunguka kwa kapi, nikiogopa foronya isimwangukie mpita njia. Nikasema, "Foronya hii inateleza!" Mumewe akatoa kichwa chumbani akicheka: kwa Kireno ni fronha. Ukawa ndio mchezo wetu. Meza, mesa. Bendera, bandeira. Leso, lenço. Yeye lugha yake ni Kimwani, tukaelewana bila mkalimani, kila mtu akivuta neno upande wake. Korosho zako alizila huku akidai za kwao ni tamu zaidi. Uongo mtupu. Lakini alinikumbusha kwamba mkorosho wenyewe ni hao hao Wareno walioutoa Brazili.

Jumapili jirani wa chini akaaga anakwenda igreja. Mjomba, masikio yangu yalisikia "gereza"! Kumbe ndilo neno lenyewe, na maana yake ni kanisa. Wewe miaka yote unashusha wageni mbele ya Gereza la Kisiwani na kuwaambia palikuwa pa kufungia watu. Kwamba jengo linaloonekana leo lina mkono wa Waomani juu ya ile ngome ya Wareno ya 1505, hilo unalijua kuliko mimi. Ila hili la neno waongezee, watacheka.

Nilikuwako pia usiku wa Mtakatifu Antoni, tarehe 12 Juni. Mji mzima moshi wa samaki. Kule Alfama, mtaa ambao hata jina lake ni la Kiarabu, wanachoma sardinha vibarazani na kumlaza samaki juu ya mkate, unamla na miiba yake ukiweza. Wanauza vijungu vya rihani ya majani madogo. Pua huisogezi: unaupapasa mmea kwa kiganja, kisha unanusa kiganja. Bibi angewapenda kwa hilo.

Sasa dhahabu. Ipo Rua das Janelas Verdes, mtaa wa Madirisha ya Kijani, kwenye Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale. Shoga anaupita mtaa huo kwa basi karibu kila siku na hajawahi kuingia. "Tiketi na muda, havijawahi kunijia pamoja," alisema. Tulikwenda siku yake ya mwisho ya likizo.

Ni chombo cha kanisa, cha kuonyeshea mkate mtakatifu, wanakiita Custódia de Belém. Kimo chake hakifiki mita moja. Mfalme Manuel wa Kwanza aliamuru kitengenezwe kwa dhahabu ile aliyoifikisha Vasco da Gama mwaka 1503. Kikakamilika 1506, na inasemwa fundi wake ni Gil Vicente. Mitume kumi na wawili wamepiga magoti duara, kila mmoja na kanzu ya rangi yake, na nyuso zao hazifanani hata wawili. Juu yao nguzo nyembamba kama njiti. Nilikwenda nimejiandaa kukasirika. Nikajikuta nimeinama kwenye kioo nahesabu vidole vya mtume mmoja, nikaona haya, kama niliyekutwa anasifia upishi wa jirani aliyemwibia kuku.

Shoga alisoma maelezo kwa sauti ndogo hadi kwenye neno Quíloa, yaani Kilwa kwa Kireno. Akanyamaza. "Hii ni ya kwenu," akasema, halafu akajirekebisha: "Ya kwetu." Tukabishana kidogo, maana dhahabu haichimbwi Kilwa, ilitoka bara huko nyuma ya Sofala, pwani ya Msumbiji, Kilwa ilikuwa mfanyabiashara tu. Yeye akasimama pale kunizidi mimi, mpaka mlinzi akaanza kutuzunguka.

Nimekununulia kadi ya picha yake. Nimempa kondakta wa basi la Kilwa Masoko, imo ndani ya daftari la bluu, usiikunje. Ukifika na wageni mbele ya Gereza, ukishapunga ule mkono wako, itoe mfukoni.