Meli Ikitia Nanga Kilwa kwa Saa Chache, Tuulize Maji Kwanza

Msimu wa meli za kitalii ukikaribia, ujumbe tunaoupata kutoka kwa mawakala na waongoza watalii hufanana: meli inatia nanga Kilwa asubuhi, inang'oa mchana, wageni wanataka kuona ngome, boti bei gani? Bei tunayo. Ila kwanza tutakuuliza tarehe, na ukishaitaja tutatazama mwezi.

Shida ni maji. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa kabisa kama saa nne asubuhi, saa ileile ambayo ratiba nyingi zimepanga wageni washuke Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye ngome na magofu. Boti inakwama mbali na ufuko. Mzee wa miaka 70 anavua viatu, anashikwa mkono, anapapasa kwa nyayo kwenye tope na mawe makali, na muda wa kutembelea magofu unaishia hapo. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, hakuna kero hiyo: saa nne maji yamejaa, watu wanashuka bila tabu.

Kwa hiyo siku za bamvua tunashauri mshuke saa moja asubuhi na mrudi kuanzia saa saba, maji yakishaanza kujaa tena. Ukishuka saa moja ukataka kurudi saa nne, tope linakusubiri palepale. Na bamvua ikipita, usidhani saa hizo zitabaki hivyo wiki nzima. Maji huchelewa kwa dakika 50 hivi kila siku.

Sasa hiyo ngome yenyewe, iitwayo Gereza. Gereza ndilo linaloonekana kwanza ukitokea Kilwa Masoko, mji wa ng'ambo upande wa bara, na ndilo kila mtu hupiga picha. Wareno wa Francisco de Almeida waliuvamia mji mwaka 1505, wakajenga ngome, wakaondoka mwaka 1512. Sehemu kubwa ya kinachosimama leo ni kazi ya Waarabu wa Oman, ya miaka ya 1800 hivi. Tazama minara miwili ya duara iliyokaa kwenye pembe zinazokabiliana, pita ndani, basi. Kwa maoni yetu nusu saa inatosha, ingawa tunajua wapo watakaobisha.

Muda uliobaki upeleke Msikiti Mkuu. Ulianza kujengwa karne ya 11, ukapanuliwa baadaye, na ndani yake nguzo na kuba bado zipo. Mwambie mgeni asogeze uso karibu na ukuta: jiwe ni matumbawe, vijitundu vyake vinaonekana, na chokaa iliyoyashika ilichomwa kutokana na matumbawe hayohayo. Tumeona watu waliokuwa wakiharakia picha wakisimama hapo kimya muda mrefu kuliko walivyosimama Gerezani.

Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman lenye bwawa la pembe nane, liko mbali kidogo, juu ya genge linaloangalia bahari. Ni mwendo wa nusu saa na ushei kwa miguu, na jua la Kilwa halina simile. Sultani huyo ndiye aliyekuwa akitawala Ibn Battuta alipofika mwaka 1331. Mkishuka saa moja mnalipata. Mkishuka saa nane mchana, lisahauni. Songo Mnara, kisiwa kingine chenye magofu, nayo ni safari ya siku nyingine kabisa, hata mkibembeleza.

Meli ikitia nanga Mtwara, tafadhali usituite. Kutoka huko hadi Kilwa ni kama kilomita 300 za barabara. Wapeleke wageni Mikindani, kilomita 10 hivi kutoka mjini; kuna Boma la Wajerumani la mwaka 1895, leo ni hoteli, na mitaa ya zamani ya kutembea. Wenyeji wa huko wataifanya kazi hiyo vizuri kuliko sisi.

Kibali cha kuingia Kisiwani hushughulikiwa Kilwa Masoko kabla ya kuvuka, kwa hiyo orodha ya wageni itufikie mapema, si asubuhi ya siku yenyewe. Waambie pia wavae nguo za kufunika mabega na magoti, kwani njia inapita katikati ya kijiji cha watu. Ukituandikia, weka tarehe, saa ya kutia na kung'oa nanga, idadi ya wageni, na wangapi kati yao hutembea kwa shida. Kwa hao wa mwisho tunaongeza vijana wawili wa kusaidia kushuka, na gharama yao imo kwenye bei.