Sukari bila chai: barua ya wazi kwa mpwa wangu anayesoma kemia

Mpwa wangu,

Salamu nyingi, na nyingine umfikishie mama yako. Ujumbe wako wa juzi nimeupata, pamoja na ile picha ya fulana iliyoandikwa BaCoN kwa visanduku vya bariamu, kobalti na naitrojeni. Picha nimeipenda. Maneno uliyoandika chini yake ndiyo yaliyonifanya nikujibu hadharani, maana najua huyasemi peke yako: kwamba mizaha ya alama za elementi ni ya Kiingereza, na kwamba Kiswahili "hakiingii kwenye kemia".

Kinaingia, tena kwa kishindo. Nipe muda nikuoneshe.

Chukua ule mzaha wa sodiamu unaozunguka mitandaoni kila mwaka. Mtu anaulizwa kama anajua kichekesho chochote cha sodiamu, anajibu "Na". Mwingereza anacheka kwa sababu masikioni mwake hiyo ni "hapana" ya mtaani. Kwetu, aliyejibu hivyo hajamaliza kusema, tunangoja aendelee. Sasa tazama tulicho nacho sisi. Na ya sodiamu ni kiunganishi chetu. Ni ya nikeli na Si ya silikoni ndizo tunazokubalia na kukanushia. La ya lanthanamu ni hapana kamili, ya watu wazima. Au ya dhahabu ndiyo inayotupa hiari. Vijineno vinavyoshikilia sentensi ya Kiswahili vimo kwenye jedwali la elementi vikiwa vizima, bila kukatwa wala kuungwa. Kwa hiyo mwalimu akionyesha kopo la maabara na kuuliza, "Hii ni Au?", mwanafunzi anaweza kumjibu:

"La, si Au, ni Na."

Isome kwa sauti. Kikemia anasema hapana, si dhahabu, ni sodiamu. Kisarufi anasahihisha kiunganishi. Maana zote mbili zimesimama, na kila neno ni elementi. Ule mzaha wa bekoni haufiki hapo. Wao wamepata neno moja, sisi tumepata sentensi nzima inayoeleweka, yenye jibu ndani yake. Kuna na ule mfupi zaidi, ambao utamfanyia mtu yeyote nyumbani: "Unataka fedha au dhahabu?" Jibu: "Au."

Halafu fungua jedwali uangalie namba za atomi, yaani idadi ya protoni. Si ni ya 14. Ni ni ya 28. Neno la kukubali lina protoni mara mbili kamili ya neno la kukanusha. Hakuna aliyelipanga hilo. Ni bahati tu, lakini ni bahati iliyotuangukia sisi, na sijaona mtu akiitumia. Ongeza Na nyuma ya kila moja upate NiNa na SiNa: nina na sina. Mwisho wa mwezi SiNa Ag, yaani sina fedha, hesabu imekwisha.

Tuje mezani. Sheria ni ile ile ya fulana yako: unaandika neno kwa alama zilizopo, huruki herufi, huongezi herufi. Ugali ni U, Ga, Li. Wali ni W, Al, I. Pilau ni P, I, La, U. Kuku ni potasiamu na urani mara mbili, K, U, K, U. Supu imo. Bibi imo, kwa bismathi mbili. Basi mazungumzo haya yote ni elementi tupu kutoka mwanzo hadi mwisho:

"Bibi, ugali au wali?"
"La, pilau na kuku."

Nyama haimo. Nimeizungusha kila upande: N, Y, Am, kisha unabaki na a moja mkononi huna pa kuiweka. Hapo ndipo penye shida yetu kubwa. Kiswahili kinaipenda a kuliko irabu nyingine zote, na jedwali halina A iliyosimama peke yake. Lina Na, Ga, Ba, La, Ta, Ra, Pa na Ca, lakini ka, wa, ha, ya na ma hazimo.

Lakini A ilikuwapo, na hapa nataka ukae uisome taratibu. Agoni, gesi iliyogunduliwa 1894 na Lord Rayleigh na William Ramsay, kwa miongo mingi iliandikwa kwa herufi moja tu, A. Ilipofika 1957, IUPAC, chombo cha kimataifa kinachosimamia majina ya kemia, kikaibadilisha ikawa Ar. Sasa rudi kwenye meza ya asubuhi. Kabla ya 1957 ungeweza kuandika chai: C, H, A, I. Ungeweza kuandika kahawa: K, A, H, A, W, A. Usingeweza kuandika sukari, kwa sababu baada ya S, U, K, A ungekwama kwenye r, na R peke yake haipo. Baada ya 1957 chai ikatoweka na kahawa ikatoweka, na papo hapo sukari ikaingia: S, U, K, Ar, I. Babu zetu walikuwa na chai isiyo na sukari, sisi tuna sukari isiyo na chai. Badiliko la herufi moja kwenye kikao cha wanakemia ndilo lililofanya hivyo, na mzaha huu hauwezi kufanyika kwa Kiingereza hata kidogo.

Lipo linaloniuma katika badiliko hilo. Andika neno Kiswahili kwa jedwali la zamani: potasiamu, iodini, salfa, tangisteni, agoni, hidrojeni, iodini, lithiamu. K, I, S, W, A, H, I, Li. Lilikuwa limekamilika. Lugha yetu ilikuwa imeandikwa jedwalini kwa jina lake, ikafutwa 1957 bila mtu kujua. Ukisema tena kwamba Kiswahili hakiingii kwenye kemia, ukumbuke kuwa kilikuwa ndani.

Herufi M nayo inatutesa. Kuna Mg, Mn, Mo, Md, Mc na Mt, lakini M tupu hamna, na ndiyo maana wale wanyama watano wakubwa wa mbugani wanaingia wanne tu. Ndovu anaingia (Nd, O, V, U), kifaru anaingia, chui anaingia, nyati anaingia. Mfalme wa porini anabaki nje, kwa jedwali la sasa na la zamani. Nyati, kwa taarifa yako, anabeba At ya astatini, ambayo ni kati ya elementi adimu kuliko zote katika ardhi hii, ilhali kifaru, aliye adimu kweli, ameundwa kwa vitu vya kawaida zaidi. Na ile Y ya nyati, nyuki na nyota ni itriamu, iliyopewa jina la Ytterby, kijiji cha Sweden. Kila ny- yetu jedwalini inapitia kijijini huko.

J haimo popote, kwa hiyo jua, jiko na hata maji hayaandikiki, ingawa fomula ya maji unaijua tangu darasa la msingi. Zamani iodini iliandikwa J, kwa Kijerumani. Tungebaki nayo tungeikosa I, na bila I hakuna pilau wala wali. Naona tulipata kilicho bora.

Miji ukiitafuta utaipata mwenyewe, nikuanzishie tu: Nairobi ni Na, Ir, O, Bi. Nakuru imo, Voi imo, Tanga, Tabora, Iringa, Lindi na Bukoba zimo. Burundi ni nchi nzima. Mombasa yetu haimo, nimejaribu kila njia. Geita imo pia, kwa germaniamu, iodini na tantalamu. Dhahabu iko chini ya ardhi yake, ila kwenye jina Au haionekani.

Lililonishangaza kuliko yote ni neno mtu. Kwa M ile tuliyoikosa ungedhani haliwezekani. Lakini mwaka 1997 elementi ya 109 ilithibitishiwa jina la meitneriamu, alama Mt, kwa heshima ya Lise Meitner. Mt na U: mtu. Meitner na urani, na si bure kwamba hao wawili wamekutana. Mwishoni mwa 1938, akiwa mkimbizi Sweden baada ya kuitoroka Ujerumani ya Hitler, Meitner alikuwa anatembea kwenye theluji pamoja na mtoto wa dada yake, Otto Frisch, mwanafizikia kama yeye. Barua ilikuwa imetoka Berlin kwa mwanakemia Otto Hahn, ikisema kwamba urani iliyopigwa kwa nyutroni inatoa bariamu, jambo ambalo halikupaswa kutokea. Wawili hao wakaketi kwenye gogo, wakatoa vipande vya karatasi wakaanza hesabu, na hapo ndipo ilipoeleweka kwamba kiini cha urani kinapasuka. Nobeli ya ugunduzi huo alipewa Hahn peke yake. Meitner hakupata. Alichopata, miaka mingi baada ya kufa, ni kisanduku jedwalini, na kwa lugha yetu kisanduku hicho kikikaa kando ya urani kinasomeka mtu.

Wingi wake nao unakubali: W, At, U, watu. Kitu na vitu vinakataa, kwa kuwa T tupu haipo. Halafu chukua msemo unaousikia kwa wazee kila kukiwa na harusi au msiba, mtu ni watu, uuandike: Mt, U, Ni, W, At, U. Umeingia wote. Nimeuandika kwa kalamu nene kwenye karatasi nikaubandika ukutani juu ya meza yangu. Siwezi kuutazama bila kukumbuka kuwa urani nyingi ya mabomu ya kwanza ya atomiki ilitoka Shinkolobwe, Katanga, nchini Kongo, kwa watu wanaozungumza Kiswahili. Hapo kicheko kinapungua, nami sioni ubaya kipungue.

Umelalamika pia kwamba alama hazifanani na majina, kwamba sodiamu ingeandikwa So. Mtoto wa London ana malalamiko hayo hayo. Humphry Davy aliitenga sodiamu 1807 akaipa jina hilo, kisha Berzelius wa Sweden, aliyeanzisha mtindo huu wa herufi miaka ya 1813 na 1814, akatumia Kilatini, natrium. Jina hilo linatokana na natroni, chumvi ambayo wewe unaijua kwa magadi. Ziwa Natron liko kaskazini mwa Tanzania, na Ziwa Magadi liko upande wetu wa mpaka, si mbali nalo. Mama yako akitia magadi kwenye maharage ili yaive haraka, anatia Na. Kwa hiyo katika alama hiyo mgeni ni Mwingereza, anayelazimika kukariri kitu ambacho jikoni kwenu kina kopo lake.

Na kukariri kwenyewe nimekutungia. Najua mnapewa sentensi za Kiingereza za kukumbuka elementi 20 za kwanza. Jaribu hii, kila neno linaanza na alama yake kwa mpangilio:

Hamisi, hebu lipa bei, beba chungwa, nanasi, ovakado, fenesi, nenda na mgeni Ali, si Pendo, sawa?

Hiyo inakufikisha salfa, ya 16, na kuanzia Na hadi Si herufi zote za alama zimo. Baada ya hapo nimekwama kwenye Cl ya klorini, maana sijapata neno la Kiswahili linaloanza hivyo, na Ca ya kalsiamu inanisubiri mbele. Liulize darasa lako zima. Mkipata njia ya kumvusha Hamisi mpaka 20, niandikie, nami nitaiweka hapa kwa jina la darasa lenu.

Ni mimi, mjomba wako.