Ami, NASA hawakusema hivo (barua ya wazi kwa ami yangu)

Assalaam aleikum ami, shikamoo.

Simu zangu hushiki wiki ya pili sasa na kwenye grupu ya familia ushanitoa, kwa hivo nimeona niandike hapa, maanake najua watoto wako husoma na mmoja wao atakusomea kwa sauti huku wewe unajifanya unatizama taarifa ya habari. Jina lako sitalitaja. Watu wa Mji wa Kale wakikujua kwa maelezo hilo sina la kufanya.

Wacha nianze na kosa langu. Uliposambaza ile klipu ya mwezi mie nilikujibu mbele za watu na nikaweka ile emoji ya kucheka mpaka machozi, na ndani ya grupu walikuwamo wakwe zako wapya ambao hata picha za harusi hawajamaliza kutumiana. Emoji ndo iliyoniponza. Mzee wa miaka sabini na kitu hachekwi mbele za wakwe zake. Naomba radhi ami, wallahi tena. Lakini nilichokiandika juu ya ile emoji sikirudishi.

Yule jamaa wa kwenye klipu anasema NASA, shirika la anga la Marekani, wamekiri kwamba mwezi ulipasuka pande mbili kisha ukaungana, na anaonesha ufa. Picha ni ya kweli, si ya kutengeneza. Ufa ule una jina lake, Rima Ariadaeus, na walioupiga picha ni wale wa Apollo 10, chombo cha Marekani kilichozunguka mwezi, mwaka 1969. Sasa skiza. Urefu wake ni kama kilomita 300, yaani utoke hapo kwako upite Mtito Andei ufike karibu na Makindu, basi. Kuuzunguka mwezi wenyewe ni karibu kilomita 10,900. Wewe umevunja nazi maisha yako yote ami, nazi ikipasuka pande mbili ukazibandika, ule mstari si huzunguka nazi nzima? Huu ni kama mkwaruzo wa kucha. Na namna ulivyotokea si ya ajabu, gamba la mwezi lilivutwa huku na huku, yakatokea mapasuko mawili sambamba na kile kipande cha katikati kikadidimia, mambo ni yale yale yaliyoleta Bonde la Ufa letu. NASA hawajakiri chochote.

Sura ya Qamar, ile inayosema mwezi ulipasuka, naisoma kama unavyoisoma, na muujiza ni muujiza, hauhitaji risiti kutoka Marekani. Ninachokikataa ni kumsingizia mtu maneno. Ni ndugu yake ile hadithi ya Armstrong, mtu wa kwanza kukanyaga mwezi, kusikia adhana huko mwezini akaja akasilimu, uliyotusimulia tukiwa wadogo na mie nikaiamini mpaka nikafika Form Two, kumbe kule hakuna hewa ya kubeba sauti, na mwaka 1983 serikali ya Marekani ikabidi iziandikie balozi zake kwamba Armstrong hakusilimu. Jitu zima linakanusha dini ambayo halikuingia!

Sasa utanambia, haya wewe yakuuma nini, si watu wanapata imani? Hapo ndo penyewe. Nina kijana kwenye tuisheni ya Jumamosi, Form Three, amehifadhi juzuu kibao, mtoto wa adabu. Alinijia na klipu hiyo hiyo akaniuliza ni kweli, nikamuonesha kama nilivyokuonesha wewe, na emoji sikumwekea. Akanyamaza sana. Kisha akasema, "Mwalimu, kama hii walitudanganya, yale mengine je?" Nilikosa la kusema ami. Mtoto hakutolewa kwenye dini na Darwin wala na mzungu yeyote, alitikiswa na mtu aliyetaka kumuongezea imani kwa mkato. Toka siku hiyo nikiona klipu kama zile mwili huniwasha, na ndo maana nikakurukia vile, bahati mbaya ukawa ni wewe.

Kabla hujanitoa kwenye grupu uliandika, nanukuu, "hiyo sayansi yenu kila siku inabadilika, maneno ya Mungu hayabadiliki." Nimelala nalo hilo neno siku tatu. Nakubaliana nalo lote, sasa kwa nini unakifunga kisichobadilika kwenye kinachobadilika? Nahodha gani hufunga chombo chake kwenye chombo kingine kinachokwenda?

Tizama. Mwaka 1917 Einstein mwenyewe aliamini ulimwengu umetulia tuli, na hesabu zake zilipomwambia hauwezi kutulia akaongeza kitu kwenye zile hesabu ili utulie kwa nguvu. Lau siku hizo kungekuwa na WhatsApp ami, ingepita klipu yenye aya ya kuonesha kwamba mbingu zimetulia na sayansi imethibitisha. Mwaka 1929 Hubble, mwanaastronomia wa Marekani, akaonesha galaksi, yale makundi makubwa ya nyota, zinatukimbia, na ya mbali zaidi inakimbia kasi zaidi, yaani ulimwengu unapanuka. Leo tunaambiwa ilikuwamo kwenye sura ya Dhaariyat tangu zamani. Huenda. Lakini mbona hatukuisema 1917? Mwaka 1998 wakaja wengine wakasema si kupanuka tu, mwendo wenyewe unaongezeka, na hakuna mtu anayejua sawasawa ni nini kinachousukuma, wamekipa jina tu. Kesho wakiligeuza na hilo tutafanyaje na tafsiri zetu, tutazifuta?

Na usidhani ni sisi tu. Mtu aliyesema mapema kwamba ulimwengu unapanuka, miaka miwili kabla ya Hubble, alikuwa padri, Georges Lemaître wa Ubelgiji. Einstein akamwambia hesabu zako safi lakini fizikia yako mbovu. Mwaka 1931 yule padri akaongeza kwamba ukirudisha nyuma utafika pahali kila kitu kilikuwa kimebanana kwenye kijichembe kimoja, na hiyo ndo iliyokuja kuitwa mlipuko mkuu. Basi 1951 Papa Pius wa 12 akasimama akasema mnaona, sayansi imethibitisha uumbaji. Ungedhani padri atafurahi. Hakufurahi hata kidogo, alisema nadharia yangu haina habari na dini, mwenye kuamini aamini na asiyeamini asiamini, na Papa hakulirudia tena lile neno. Padri! Mie huyu mtu nampenda sana.

Ushahidi wenyewe ulikuja baadaye kwa njia ya kuchekesha, na kwa vile wewe ni mtu wa njiwa utaipenda. Marekani, 1964, wanasayansi wawili, Penzias na Wilson, wana antena kubwa kama pembe, wanaskia mvumo hauishi, mchana usiku, kila upande wa mbingu. Wakaingia ndani wakakuta njiwa wametaga na kunya mle. Wakawatoa, wakasugua yale mavi, mvumo bado uko. Kumbe ni joto lililobaki la ule mwanzo, limepoa mpaka nyuzi 3 hivi juu ya baridi ya mwisho kabisa. Zile chenga za TV yako ya chogo, iliyokuwa ikikutia hasira ukapanda darini kugeuza antena, kijisehemu chake kilikuwa ni hicho, habari ya miaka bilioni 13.8 inaingia sebuleni na wewe unaipiga TV kofi.

Ya Adam na Darwin tuyaache siku nyingine, hapo mie mwenyewe sijatulia.

Lakini kuna hadithi moja wewe ndo uliyonisomesha, na nashangaa kwa nini tunaipita. Mtume s.a.w. alifiwa na mtoto wake Ibrahim, mtoto mchanga bado ananyonya. Siku ile ile jua likapatwa. Watu wa Madina wakasema jua limepatwa kwa kufa Ibrahim. Sasa hebu tua hapo ami, usiende mbio. Baba amefiwa, uchungu mbichi, mchana umeingia kiza, na hakuna aliyemwomba aseme lolote, watu wenyewe washamsemea, angenyamaza tu mji mzima ungebaki na muujiza. Hakunyamaza. Akasema jua na mwezi ni katika ishara za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa mtu wala kwa uhai wake, mukiona hivo salini. Wanaastronomia wakirudisha hesabu nyuma wanaona jua lilipatwa likaonekana Madina tarehe 27 Januari 632, na wengi huichukua kuwa ndo siku yenyewe. Kupatwa kulikuwa kwa saa yake, kungekuja hata mtoto angekuwa mzima. Aliukataa ushahidi wa bure siku ambayo mtu yeyote angeukumbatia, na sisi umma wake tunaforwadi nyufa.

Kuna upande wa pili pia, usije ukadhani nimehamia kwa wasioamini Mungu. Yule binamu yetu aliyeko Canada kanitumia meseji ya kunipongeza, ati hatimaye familia imepata mtu mwenye akili. Nikamuuliza ni sayansi gani iliyopima Mungu hayuko, kwa chombo gani, akanitumia klipu. Na yeye klipu! Nimemwacha.

Mie wa kwanza kunifundisha fizikia hakuwa mwalimu wa shule. Nilikuwa na miaka minane, tumekaa kwenye ngazi za ufukweni umenipa kashata, ukanambia mwezi ukiandama na mwezi ukiwa wa 15 ni bamvua, maji yanapanda mpaka hapa na kupwa yanakimbia mpaka kule miamba inabaki mikavu, katikati yake ni maji mafu, na kila siku maji yanachelewa kidogo kuliko jana, ukaniambia "kama kipindi kimoja cha madrasa." Kitabu cha Form Four kinasema dakika 50. Nilipokuuliza kwa nini, ukasema mwezi unayaita. Kitabu kinasema mvutano. Hukunambia chagua.

Na siku ile ya mwezi 29 Ramadhani, mwaka juzi, darini kwa bibi, sote tumegeukia upande wa Changamwe, mawingu yamekaa vibaya, wewe na ile darubini yako ya meli iliyopasuka kioo kimoja. Kuna kijana akapiga kelele ameuona, kumbe ni taa ya mnara. Wengine simuni wanasema Saudia ishatangazwa Idi, wengine wanasema tunangoja Kadhi Mkuu, kahawa inapoa. Wewe ukaniinamia sikioni ukanambia taratibu, "hebu nitizamie hiyo apu yako." Nikakwambia mwezi una saa chache tu tangu upishane na jua, na chini ya saa 15 jicho tupu halishiki kitu. Ukanyamaza kidogo. Kisha ukakunja msala, ukasema kwa sauti kubwa ya kinahodha, "Tushukeni, kesho ni saumu," na watu wote wakakuona bingwa. Kesho yake magharibi ukaonekana bila darubini, umelala chali kama mtumbwi, namna unavyolala huku kwetu, si kama ule wa kwenye bendera uliosimama wima. Hiyo siri nimekutunzia miaka miwili ami. Leo umeniudhi nimeitoa.

Na kingine nataka kukwambia, hiki si cha kubishana. Unakumbuka ile minara ya Wataliani baharini Ngomeni, ile ya upande wa Malindi, uliyotwambia mkipita nayo usiku ni kama nyumba iliyotembea ikasimama kwenye maji? Pale, tarehe 12 Disemba 1970, sikukuu ya Jamhuri, walirusha setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi ya kutafuta eksirei za angani peke yake, na kwa ajili ya ile siku wakaiita Uhuru. Jina la Kiswahili limekwenda juu huko. Ikahesabu vitu 339 vinavyotoa eksirei, na kimojawapo ndo kilichowafanya watu waanze kushuku wameona shimo jeusi, kitu kizito ambacho hata mwanga hauchomoki. Walichagua pwani yetu kwa vile iko karibu na ikweta na dunia ikizunguka huku inakupa msukumo wa bure. Nikiwaambia wanafunzi wangu hivi wanadhani natunga.

Pia Kilimia, lile kundi la nyota. Wewe ndo mwenye kusema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Zile nyota ziko mbali kiasi kwamba mwanga wake unachukua kama miaka 440 kutufikia, kwa hivo unaouona ukikaa pale barazani uliondoka huko kabla Mreno hajaanza kuijenga Fort Jesus mwaka 1593, na hiyo Fort Jesus iko mgongoni mwako. Kila nikikaa pale nafsi hunisisimka, na mara nyingi hujikuta natoa tasbihi mfukoni kabla sijajua naitoa. Nilitaka kukueleza hili siku ile badala ya ile emoji.

Ijumaa baada ya swala nitapita kwako, inshaallah. Nitakuja na kioo cha ile darubini, nimempata fundi pale Marikiti anasema kinatoshana. Kama bado una hasira niachie tu mlango wa nyuma nimsalimu shangazi. Na ukinisamehe nirudishe kwenye grupu, picha za harusi ya binti yako sijaona hata moja.