Barua ya wazi kwa Waziri wa Maji: zamu yetu ya upatu ni lini?

Mheshimiwa Waziri,

Mbukwa, kama tunavyosalimiana kwa Kigogo. Nakuandikia kutoka kijiji kimoja wilayani Bahi, mkoani Dodoma, si mbali na ofisi yako ya Mtumba kama barabara haijakatika. Mimi ndiye mtunza hesabu za maji hapa kijijini. Nashika daftari la mauzo ya ndoo, pamoja na lawama zake.

Ndoo ya lita 20 tunauza shilingi 50. Uniti moja, yaani lita 1,000, ni ndoo 50, kwa hiyo ni shilingi 2,500. Toa posho ya mhudumu wa kioski, toa mlinzi, toa dizeli ya jenereta. Kinachobaki kinanunua koki na oili. Kifuku kikianza watu wanakinga maji ya bati na mauzo yanakufa, lakini mlinzi haachi kula kwa sababu mvua imenyesha.

Sasa hiyo dizeli. Katika kila lita ya petroli na dizeli kuna shilingi 50 inayokwenda Mfuko wa Taifa wa Maji. Utaratibu huo siupingi hata kidogo. Ila fikiria: kila lita tunayochoma ili maji yapande kwenye tenki, tumeshachangia mfuko wa maji. Pampu ikifa, bodaboda anayetuletea madumu kutoka kijiji cha pili naye anachangia. Akina mama wa hapa wanacheza upatu kila wiki, na wanajua kwamba mchangaji asiyekosa lazima awe na zamu yake. Ndiyo maana nauliza zamu yetu.

Nitakuwa mwongo nikisema hatujapewa kitu. Kisima kilichimbwa, tenki likajengwa, utepe ukakatwa, tukashangilia kumtua mama ndoo kichwani. Na ndoo ilitua kweli. Mwaka juzi, Septemba, pampu ikaungua na ndoo ikapanda tena kwa miezi minne. Tulizunguka ofisi hadi tukajulikana kwa majina. Jibu likawa lile lile: fedha zilizopo ni za miradi mipya, matengenezo ni jukumu la jamii. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilisema maji yawe ndani ya mita 400 kutoka kwa mwananchi. Miezi ile wake zetu walitoka saa kumi alfajiri kwenda korongoni, wakafukua mchanga mpaka urefu wa kiuno, wakakaa na kata wakisubiri maji yajikusanye, huku ng'ombe wa watu wakisubiri upande wa pili. Pampu mpya tuliinunua kwa kuuza mbuzi, kaya kwa kaya. Kaya zilizokuwa hazina mbuzi zilidaiwa, na madeni hayo bado yamo kwenye daftari langu.

Sheria Na. 5 ya 2019, ile iliyoleta RUWASA, wakala wa maji vijijini, inatambua vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, na vijiji vimekuwa vikiunganishwa ili mwenye watu wengi ambebe mwenye wachache. Wazo zuri. Lakini ukiunganisha vijiji vitano ambavyo vyote vina pampu chakavu, umeunganisha madeni.

Kuna na jambo lisilopiga kelele kama jenereta. Maji yetu yana chumvi. Hilo tunalijua kwa ulimi. Lakini floraidi, madini yanayoweza kuwamo kwenye maji ya kisima, haina ladha. Jirani zetu wa Singida wanaijua kwa meno ya watoto wao, na ikizidi kwa miaka mingi inafika mpaka kwenye mifupa. Kiwango kinachokubalika ni miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakusaidii: maji yanapungua, floraidi inabaki. Kisima chetu kilipimwa siku kilipochimbwa, basi. Kupeleka sampuli maabara ni nauli na ada, na mbele ya dizeli, sampuli hushindwa kila mwezi.

Hatuombi maji ya bure. Wazee wetu waliahidiwa mwaka 1971 kwamba ifikapo 1991 kila mwanakijiji atakuwa na maji karibu, na mabomba ya enzi hizo leo yamezungushia mazizi ya mbuzi. Tutaendelea kulipa ndoo. Tunachoomba ni sehemu ya ile shilingi 50 itengwe wazi kwa matengenezo makubwa ya vijiji vidogo, pampu na jenereta, mambo ambayo ndoo haziwezi kuyanunua. Sehemu hiyo itulipie na kipimo cha maabara mara moja kwa mwaka, kiangazi, majibu yabandikwe kwenye kioski kila mtu asome. Ukitufungia na sola, tutaacha kuchangia mfuko wako kwa dizeli, hilo utusamehe.

Pampu leo inafanya kazi. Asubuhi nimeisikiliza, ina mlio nisioupenda.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mtunza hesabu za maji, Bahi