Kabla ya kisu muulizeni anakaa na kioo masaa mangapi

Ndugu mhariri, naomba kanafasi. Mimi mkulima wa korosho huku Newala, nataka kuwajibu wanaosema mabinti wanaoenda Dar kufanyiwa upasuaji wa urembo ni maringo tu, maana hata mi nilikuwa nasema hivohivo.

Nina mpwa wangu, na kwetu Wamakonde mnajua mtoto ni wa mjomba, kwahiyo yake yote yananiangukia mimi. Toka yuko form two anasema pua yake imepinda. Pua yenyewe nzima kabisa, tumeiangalia mama yake, bibi yake, mi, hamna kitu. Yeye anaamka alfajiri na simu, anajipiga picha, anafuta, anapiga tena, harusini haendi na akienda kajiziba na mtandio mpaka machoni. Watu wakasema jini, tukazunguka kwa waganga, mbuzi wawili wakaenda hivihivi.

Msimu wa juzi akanibana, anko nisaidie, nikauza korosho nikampa, akaenda kwenye kliniki ya mtu binafsi akatengenezwa pua. Walichomuuliza ni analipa keshi au kwa simu, basi. Akarudi anacheka, miezi miwili hivi, afu ikaanza stori ya kidevu. Hapo ndo nikashtuka, kumbe kilio ni kilekile kimehama tu.

Daktari wa akili ndo akatuambia huo ni ugonjwa, mtu anateswa na kasoro ya mwili ambayo wengine hawaioni, kifupi wanauita BDD, na sio wa Instagram, Muitaliano mmoja anaitwa Morselli aliuandika 1891 hata simu ya kamera haijaotwa. Mtaani kwenye watu 100 wanao kama 2, ila kwa wanaotafuta upasuaji wa urembo tafiti zinakuta hata 10 na zaidi. Kisu mara nyingi hakiwasaidii. Kinachosaidia ni kukaa na mwanasaikolojia wiki na wiki, na dawa kama fluoksetini, zilezile za sonona.

Wazee wenzangu mtasema mbona bibi zetu walichanja chale na kuvaa ndonya, kile kipande cha mti mdomoni. Kweli, wangu alikuwa nayo. Ila ile kila mtu aliiona, akasifiwa, akaenda zake shamba. Huyu anaona kitu ambacho hakuna mwingine anakiona.

Sipingi upasuaji, hata hospitali ya Mloganzila walianza 2023 na wako wenye shida kweli, mtu kaungua, mwingine matiti yanamuumiza mgongo. Ombi langu kwenu wenye kliniki ni kabla ya kupokea hela muulizeni mtu, kwa siku unakaa na kioo masaa mangapi, umeacha kwenda wapi kwa ajili ya hiyo pua, nani mwingine kaiona. Maswali ya hivyo yameshatungwa, dakika tano yameisha, na majibu yakitia wasiwasi mpelekeni kwa wa akili kwanza.

Hela ya kidevu sijatoa mpaka leo. Ya nauli ya kumpeleka Mtwara mjini kwa daktari ndo natoa, na yenyewe inauma.

Mjomba mtu,
Newala, Mtwara