Doa la Manjano

Umoja, Nairobi
Jumapili jioni

Dada yangu mpendwa Mwanaisha,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi ya Julai. Natumai wewe, mzee na watoto mu wazima. Sisi hatujambo, mafua tu ndiyo yanayotusumbua. Najua nimekaa kimya tangu Pasaka, na hata leo sikuandiki kwa wema wa moyo, bali kwa sababu nimejitia matatani na ninakuhitaji.

Jumanne iliyopita niliwapa watoto wa gredi ya pili kazi ya rangi. Nilikoroga manjano ya kupikia katika spiriti ya kusafishia vidonda, kwa kuwa manjano hayayeyuki vizuri majini, nikazipaka karatasi nyeupe na kuzianika hadi zikakauka. Kisha kila mtoto alipewa njiti ya kiberiti iliyozungushiwa pamba, aichovye katika maji ya magadi, magadi yayo hayo tunayolainishia githeri, achore apendavyo. Maji yenyewe hayakuwa na rangi, lakini kila yalipogusa karatasi yaliacha mstari mwekundu kama udongo wa Voi. Yule mdogo wake Achieng' akasema, "Mwalimu, karatasi imeona haya!"

Nilipowapa limau, michoro ikarudi kuwa ya njano. Wakaanza kubishana kama limau limeifuta picha au limeificha tu, nami nikakaa kimya makusudi. Mmoja aliyeshikilia kwamba imefichwa alipaka magadi ukurasa mzima ili aitoe mafichoni. Ukurasa wote ukawa mwekundu, picha isionekane. Alikaa akiutazama muda mrefu, dada, na sijui kama mwaka huu wote nimefundisha jambo likaingia kichwani namna ile.

Sasa shati. Kevo alirudi nyumbani na tone la manjano kifuani, mamake akalifua kwa sabuni ya kipande, na doa likageuka jekundu mikononi mwake. Alidhani ni damu. Jumatano kabla ya kengele alikuwa mlangoni pangu na shati limo kwenye mfuko, na nilipomweleza kwamba sabuni na magadi ni ndugu, kwamba vyote viwili huyageuza manjano hivyo hivyo, alinitazama kama anayemtazama mganga. Nilikamua limau mbele yake, doa likarudi kuwa la njano. Hilo lilimtia hofu zaidi.

Mwalimu mkuu, ambaye unamfahamu, ameagiza kazi za rangi zisimame hadi nizungumze na wazazi Ijumaa. Simlaumu sana. Tangu mtaala wa umilisi uanze madarasa ya chini mwaka 2019, wazazi wamechoka kutumwa katoni na vifuniko vya chupa saa mbili usiku, na malalamiko yao yana haki. Ndiyo maana mimi huchagua vitu vilivyomo jikoni. Limau na magadi hayamfilisi mtu. Lakini shati jeupe ni shati jeupe, na sare si bei rahisi. Otieno anasema ningetumia kalamu za rangi kama watu wengine, lakini wewe unamjua Otieno.

Shati bado liko kwangu. Nimeahidi kulirudisha likiwa safi, na dawa ya doa la manjano ni jua, kwa maana mwanga huichosha rangi ile hadi ikafifia. Jua la Nairobi mwezi huu! Siku tatu nimelianika na doa bado linanitazama.

Ninachokuomba ni rosela kavu, kama nusu kilo, umkabidhi yeyote anayepanda gari la moshi kabla ya Alhamisi. Maji yake mekundu yakitiwa magadi hugeuka kijanikijani, nami ningependa wazazi wachore kwa mikono yao wenyewe, huku wamevaa aproni.

Je, wewe uliwatulizaje wazazi wako ile siku ya ufinyanzi, watoto walipotoka na matope hadi masikioni? Uliwaita mapema au ulingoja walalamike? Nimwombe mama Kevo asimulie habari ya shati mwenyewe, au nitakuwa nimemwaibisha? Na rosela, iloekwe usiku kucha au ichemshwe tu? Unijibu haraka, hata kwa mistari miwili.

Ni mimi dada yako,
Nyambura